Kazi ya Mama: Mwanahistoria Aliyewauliza Wanawake wa TANU



Mwaka jana, siku chache kabla ya sherehe, tulikuwa tukiwasaidia watoto kubandika picha kwenye ukuta wa ukumbi. Mnazijua picha hizo. Mwalimu Nyerere amebebwa juu juu na watu, ameshika bango la uhuru kamili, 1961. Luteni Alexander Nyirenda yuko kileleni Kilimanjaro na bendera na mwenge. Wazee wa chama wamekaa mstari mmoja, kofia kichwani. Msichana mmoja wa miaka 11, gundi ingali mkononi, alitugeukia akauliza: "Anti, wanawake walikuwa wapi?"

Tulicheka kidogo, tukamjibu harakaharaka: "Walikuwepo, mwanetu. Walikuwa wanapika."

Alitutazama, kisha akatazama mlango wa jikoni, ambako mama yake na wenzake walikuwa wameinama kwenye sinia wakichambua mchele wa pilau. Hakusema neno. Akarudi kwenye gundi yake. Lakini jibu lile lilitukaa vibaya mwaka mzima, maana sisi wenyewe tulijua kwamba halitoshi, na tulijua nani aliyetufundisha kwamba halitoshi. Mtu huyo alifundisha katika jiji hili hili tunaloishi. Makala hii ni jibu letu la pili kwa mtoto yule.

Kitabu tulichokikuta kwa sababu ya baridi

Tulipofika Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa wawili, marafiki tangu sekondari. Usiku tuliwahudumia wazee, tukiwageuza vitandani na kuwaosha. Mchana tulisoma uuguzi. Kati ya zamu na darasa tulihitaji mahali pa kukaa pasipo na baridi wala gharama, tukapapata: maktaba ya Wilson ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, hatua chache kutoka Cedar-Riverside, mtaa ambao leo umejaa watu wa Afrika Mashariki.

Siku moja, tukitafuta kitabu kwa ajili ya somo la historia tulilotakiwa kuchukua pamoja na yale ya sayansi, tuliona kwenye mgongo wa kitabu herufi nne tulizozijua tangu chekechea: TANU. Kitabu kinaitwa TANU Women, kilitoka mwaka 1997, na mwandishi ni Susan Geiger. Tulikifungua tukiwa tumesimama. Ndani yake alikuwemo Bibi Titi Mohamed, akizungumza.

Tuseme ukweli wetu. Bibi Titi tulimjua kama jina la barabara. Mmoja wetu aliipita barabara hiyo kwa daladala miaka yote ya sekondari bila kujiuliza huyo bibi alifanya nini hata akapewa lami. Ilibidi tuvuke bahari tukakutane naye kwenye rafu ya Minneapolis, tukiwa na soksi zilizolowa.

Susan Geiger alikuwa nani

Geiger alikuwa Mmarekani, lakini shahada yake ya uzamivu ya historia aliipatia nyumbani kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Utafiti wake wa kwanza ulihusu siasa za Wachagga wakati wa Waingereza, machifu na ushirika wa kahawa. Kwa maneno mengine, alianza pale walipoanzia wanahistoria wengi wa wakati ule: kwa viongozi na mikutano yao, na kwa karatasi walizoziacha.

Baadaye alikuja kufundisha hapa, katika Idara ya Masomo ya Wanawake ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na swali lake likabadilika. Mwaka 1982 aliandika makala kuhusu Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, akitazama kama jumuiya ile iliwafikia kweli wanawake maskini wa vijijini. Mwaka 1984 alikwenda Dar es Salaam kumtafuta Bibi Titi na wanawake wengine walioijenga TANU, akawaomba wasimulie maisha yao. Miaka iliyofuata aliendelea hadi Moshi na Mwanza. Kati ya safari hizo aliandika makala kuhusu namna ya kusikiliza na kuandika maisha ya wanawake. Kitabu kikubwa kilitoka miaka 13 baada ya mazungumzo yale ya mwanzo. Kingine alichokihariri pamoja na Jean Allman na Nakanyike Musisi, kuhusu wanawake katika historia ya ukoloni Afrika, kilitoka mwaka 2002, yeye akiwa ameshafariki.

Kwa hiyo hatukuwahi kumwona. Tulikaa kwenye maktaba ya chuo chake tukimsoma, na tulikuwa tumechelewa.

Sisi wauguzi kazi yake tunaielewa upesi. Mgonjwa akiingia, kitu cha kwanza ni kuchukua historia yake: unakaa, unauliza, unanyamaza, unasikiliza na yale asiyoyasema. Muuguzi mzuri hamwekei mgonjwa maneno mdomoni. Geiger alilijua jambo hilo na aliliandikia. Mwaka 1990 alieleza kwamba kumhoji mwanamke peke yake hakumpi mwanamke huyo haki yoyote. Yote yanategemea unamhoji kwa nia gani, unamheshimu vipi kama mjuzi wa maisha yake mwenyewe, na maneno yake unakwenda kuyafanyia nini.

Swali la mgeni, 1955

Sasa turudi kwa swali la mtoto wetu, maana lilishawahi kuulizwa.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, katikati ya 1955, alifika Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akakutana na viongozi wa chama. Akawauliza: tawi lenu la wanawake liko wapi? Tawi halikuwepo. Ikabidi litafutwe.

Wasomi wanawake walikuwa wachache sana, na wengi wao walikuwa wameajiriwa na serikali. Tangu 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Mwalimu wa shule ya serikali alifungwa na amri hiyo, na muuguzi wa hospitali ya serikali vilevile. Hata Nyerere, aliyekuwa akifundisha shule ya misheni pale Pugu, alilazimika mwaka 1955 kuchagua kati ya darasa na chama.

Aliyepatikana ni Titi binti Mohamed, mwanamke wa miaka 29 hivi, aliyesoma hadi darasa la nne. Mumewe, Boi Suleiman, alikuwa ameshajiunga na TANU, na kadi ya Titi mwenyewe ilikuwa nambari 16. Mjini alijulikana kwa jambo lingine kabisa: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma liitwalo Bomba. Akishirikiana na Tatu binti Mzee na wengine, aliwaendea viongozi wa makundi ya ngoma ya wanawake wa Dar es Salaam, kundi kwa kundi. Kiongozi akikubali, kundi zima linakuja. Geiger anaeleza kwamba ndani ya miezi michache wanawake wenye kadi walifika kama 5,000. Katika chama chenye umri wa mwaka mmoja na ushei, hilo lilikuwa jeshi.

Tulisoma ukurasa ule mara mbili. Tulikuwa tumefundishwa shuleni kwamba uhuru ulitoka kwa wasomi ukashuka kwa wananchi: African Association ya 1929, vyama vya wafanyakazi, ushirika, kisha TANU, kisha umma ukaelimishwa. Geiger anasema tazameni tena. Wanawake wale hawakusubiri kufundishwa kuwa taifa moja. Ndani ya kundi la ngoma la Kariakoo au Ilala alikuwemo Mzaramo, Mmanyema, Mmatumbi, Mdigo na Mnyamwezi, wote wakiimba Kiswahili, wakichangiana harusi na misiba, wakichaguana uongozi na kuwekeana hazina. Umoja ambao chama kiliutaka kwenye hotuba, wao walikuwa wakiuishi uani. TANU iliwakuta nao, na ilipanda mabegani mwao.

Ndiyo maana, watoto wetu, mkisikia kwamba Tanzania ina bahati ya lugha moja na haikugawanyika kwa ukabila, msidhani ni hotuba za viongozi tu zilizofanya hivyo. Waulizeni pia waliokuwa wakipiga ngoma.

Kazi isiyokuwa na jina kwenye fomu

Hapa ndipo kitabu kilipotugusa zaidi, maana kinauliza wanawake wale walikula nini.

Kazi ya mshahara mjini ilikuwa ya wanaume. Makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli wamo kwenye maandishi ya serikali, pamoja na vibarua wa mkonge. Mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam mwaka 1947 umeandikiwa kurasa na kurasa. Mwanamke aliyeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi ili kuli ale kabla ya kwenda bandarini hakuandikwa popote kama mfanyakazi. Wengi wa wanawake wa TANU wa Dar es Salaam aliowahoji Geiger walikuwa watu wa kundi hilo: wapika pombe, wauza vitumbua, maandazi na samaki wa kukaanga. Wengi walikuwa Waislamu wa umri wa kati, shule kidogo au hakuna, wengine wameachika na kujitegemea. Kwenye hesabu za serikali hawakuwa na kazi. Kwenye hesabu za mtaa, kumbe ndio walioulisha mji.

Na kazi ile iliwapa vitu vitatu ambavyo chama kilivihitaji kuliko hotuba.

Cha kwanza, hawakuwa na bosi. Amri ya 1953 haikuweza kumfukuza kazi muuza vitumbua.

Cha pili, walikuwa na fedha yao, ndogo lakini yao, na walizoea kuchangishana. Chama kilichotegemea kuuza kadi na kutuma watu mikoani kilihitaji mikono iliyozoea kukusanya senti.

Cha tatu, walijua habari. Penye pombe na chakula watu wanaongea. Mpika pombe alijua nani mtu wa kuaminika, nani mbea, na polisi wapita saa ngapi, maana yeye mwenyewe aliuza kwa kujificha kila alipokosa leseni.

Hawakuwa na ruhusa ya kila mtu nyumbani. Wako waliokata kadi na kuificha ili mume asijue. Fikirini hilo: mwanamke anaogopa kadi ya TANU isionekane na Mwingereza, na isionekane na baba watoto pia. Uhuru aliokuwa akiutafuta ulikuwa na milango miwili.

Tena ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa 1958 na 1959, wa kura tatu, sifa za mpiga kura zilikuwa kipato, au elimu, au cheo. Wengi wa wanawake waliojaza viwanja vya Mnazi Mmoja hawakufikia hata sifa moja. Waliwapigia debe watu ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kuwapigia kura.

Sasa tuungame. Tulipojaza fomu za kuja kusoma Marekani, palikuwa na nafasi: kazi ya baba, kazi ya mama. Kwenye kazi ya mama sote wawili tuliandika "mama wa nyumbani". Mama wa mmoja wetu alipika mbege Moshi miaka 20. Alinunua ndizi, akaota moshi, akasaga ulezi, akalaza, akauza, akalipa ada za watoto watano. Mama wa mwingine aliuza chapati na chai mlangoni kwa wafanyakazi wa kiwanda, Dar es Salaam. Ada ya shule ya uuguzi ilianzia kwenye yale masufuria. Sisi wenyewe, tuliosomeshwa na kazi ile, tukaifuta kwa kalamu.

Tulipofundishwa uuguzi huku tuliambiwa siku ya kwanza: kisichoandikwa kwenye faili hakikufanyika. Unaweza kumhudumia mgonjwa usiku kucha, lakini usipoandika, asubuhi ni kama hukuja kazini. Tulikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Geiger alitufanya tuielewe kwa ajili ya mama zetu.

Moshi, na muuguzi aliyekataa

Kwa wasomaji wetu wa Kilimanjaro, kitabu hakiishii Dar es Salaam. Geiger alirudi pia Moshi, alikoanzia utafiti wake wa kwanza, safari hii akiwatafuta wanawake. Alikuta mambo tofauti na ya pwani: siasa za machifu na kahawa zilikuwa na nguvu, na TANU ilipata watu wake wa mwanzo zaidi mjini, wakiwemo wanawake Waislamu kama Halima Selengia Kinabo.

Na hapo Moshi, Njoro, ndipo alipozaliwa Lucy Lameck mwaka 1934. Sisi wauguzi tunampenda kwa sababu ya pekee. Alisomea uuguzi, akamaliza mwaka 1950, kisha akakataa kufanya kazi chini ya mfumo ule wa Waingereza. Akaenda kuwa karani wa ushirika wa kahawa, akaingia TANU, akasoma Chuo cha Ruskin kule Oxford na baadaye Western Michigan hapa Marekani. Mwaka 1960 aliingia bungeni, na baadaye akawa Naibu Waziri wa Afya. Binti aliyekataa kuvaa sare ya muuguzi wa mkoloni alirudi kuwasimamia wauguzi wa taifa huru. Kila mtu anapotuuliza huku kama uuguzi ni kazi ya watu walioshindwa udaktari, tunamtaja Lucy Lameck na kuendelea na zamu.

Uhuru ulipofika

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilipanda. Mwaka 1962 UWT ikaundwa, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake. Hapa hadithi inakuwa ngumu, na tusiwafiche watoto.

Watu wenye nchi mpya walihitaji makarani na mawaziri wenye vyeti na Kiingereza. Mpika pombe aliyejaza uwanja hakuwa na cheti. Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa uchaguzi wa ubunge. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kuwakataza viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu Kamati Kuu. Mtamlaumu au mtamtetea, lakini kumbukeni kwamba kwa wanawake wengi wa mjini waliojitegemea, nyumba ya kupangisha vyumba ndiyo ilikuwa pensheni. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake halikutajwa sana.

Ndivyo alivyokuwa Geiger alipobisha hodi mwaka 1984. Wengine wangeandika kitabu cha shujaa mmoja aliyeonewa, na kingeuzika. Yeye aliandika juu ya wengi, maisha ya pamoja, kwa sababu Bibi Titi peke yake asingeielezea TANU, kama vile muuguzi mmoja hawezi kuielezea wodi. Bibi Titi alifariki tarehe 5 Novemba 2000 akiwa kwenye matibabu Johannesburg. Kitabu alikuwa ameshakiacha nyuma yake.

Kwa nini Mmarekani?

Tulipoizungumza makala hii kwenye kikao cha jarida, mzee wetu mmoja aliuliza: kwa nini tumsifu Mzungu kwa kutuandikia historia yetu? Ni swali la haki, na Geiger mwenyewe alilijali: anayeuliza, anayetafsiri na anayechapa ana nguvu kuliko anayesimulia.

Tena hakuwa peke yake. Profesa Marjorie Mbilinyi wa Dar es Salaam alifanya kazi na Rebeka Kalindile, mkulima wa Rungwe, kuyaandika maisha yake. Kule Mombasa, Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwasikiliza Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy: mmoja wa ukoo ulioshika watumwa, mwingine mjukuu wa watumwa. Simulizi zao zilichapwa pia kwa Kiswahili mwaka 1991, kwa jina Wanawake watatu wa Kiswahili. Vijana wetu wanaotaka kuufanyia mazoezi Uswahili wao waanzie hapo. Mtaona humo kwamba hata utumwa ulipofutwa, mwanamke alikombolewa kwa foleni: Unguja sheria ilitoka 1897, pwani ya Kenya 1907, lakini masuria waliachwa nje hadi 1909, kwa kuwa kazi yao ilihesabiwa kuwa ni ndoa.

Lakini jibu letu kwa mzee lilikuwa fupi. Alituandikia kwa sababu alikwenda kuuliza. Sisi tulikuwa tunakaa nao nyumba moja.

Dakika 20 za kadi ya simu

Wakati ule tulikuwa tukipiga simu nyumbani kwa kadi za dola tano. Jumapili moja, baada ya kumaliza sura ya Dar es Salaam, tulimpigia bibi wa mmoja wetu, Ilala. Tukamwuliza: "Bibi, wakati wa TANU ulikuwa unafanya nini?"

Alinyamaza, tukadhani simu imekatika. Kisha akacheka. "Leo mmenikumbuka? Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza."

Akatuambia alikuwa akiuza vitumbua mbele ya nyumba. Siku za mkutano wa ndani wanawake walikuja mmoja mmoja na sahani, kama wateja, wakapitiliza uani. Yeye alibaki nje na kikaango. Akiona askari, alipandisha sauti kuita bei. "Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yangu," akasema. Tulimwuliza kadi yake iko wapi. Akaanza kutuambia ilivyokuwa, na kadi ya simu ikaisha.

Tulisema tutapiga Jumapili inayofuata. Zikaja zamu mbili mfululizo, mtihani, theluji kubwa, basi lililochelewa. Bibi alifariki mwezi wa tatu. Hatukurekodi hata neno moja, na hatujui kadi ile iliishia wapi.

Tunachowaomba usiku wa leo

Mwaka huu karibu na meza ya zawadi kutakuwa na meza yenye viti viwili na simu ya kurekodia. Watoto wa miaka 10 na kuendelea watakaa hapo kwa zamu. Tunawaomba wazee wetu, hasa bibi zetu waliokuja kutembelea na wale wanaolea wajukuu huku, wapite hapo kabla ya pilau. Maswali ni haya, na mnaweza kuyatumia hata kwa simu, nyumbani:

Mama yako alipata wapi fedha yake mwenyewe? Aliamka saa ngapi?

Ulianza kazi ukiwa na miaka mingapi, na nani alikufundisha?

Ulikuwa kwenye kundi gani: ngoma, kwaya, upatu, dini? Mlichangishana vipi?

Siku ya Uhuru ulikuwa wapi? Kama hukuwa umezaliwa, mama yako alikuambia nini?

Kuna jambo ulilolifanya ambalo hakuna aliyewahi kukuuliza?

Mkishauliza, nyamazeni. Msimmalizie sentensi. Na msimrekodi mtu kabla ya kumwomba ruhusa, wala kumpeleka mitandaoni.

Msichana wetu wa gundi sasa ana miaka 12. Yeye ndiye atakayekaa zamu ya kwanza. Tulimwuliza ataanza na nani. Akasema ataanza jikoni.